Chanda na Pete

Jumamosi moja alasiri mtoto wa kaka yangu aliingia jikoni kwangu na daftari kwapani, uso umemshuka. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, akavuta kigoda akaketi bila kusema neno. Yuko darasa la sita, na si mtoto wa kununa ovyo. Niliendelea kuchambua mchele wangu, nikimngoja aseme mwenyewe.

"Shangazi," alisema mwishowe, "nimeandika insha ya Kiingereza kuhusu safari ya sokoni. Tahajia nimepatia yote. Nyakati nimepatia zote. Lakini hebu tazama mistari hii myekundu."

Nilifuta mikono nikalipokea daftari. Mwanzo kabisa aliandika "I waited my mother at the bus stand." Mbele kidogo: "We arrived to the market." Kisha "I looked the tomatoes", halafu "my mother explained me", "we discussed about the price", "it depends with the season", na walipokuwa wanarudi nyumbani, "I listened the radio". Mistari saba, na kila mmoja umepita mahali penye kijineno kidogo, au mahali ambapo kijineno hicho kilipaswa kuwepo. Pengine kilikosekana, pengine kilikuwepo lakini sicho, na mara moja kilijileta pasipoitwa. Walimu huviita vihusishi: "to", "for", "at", "on", "with" na ndugu zao.

"Weka daftari pembeni," nilimwambia. "Kwanza nikunie nazi hii."

Alishangaa, ila alitii. Akaikunjua mbuzi, akaikalia, akaweka sahani chini ya meno yake na kuanza kazi. Alipofika nusu ya kipande cha kwanza nilimuuliza: "Nilipokutuma nilikuambiaje?"

"Uliniambia nikune nazi."

"Sivyo. Nilisema nikunie."

Akafikiri kidogo. "Nikukunie. Yaani nikune kwa ajili yako."

"Haya, na hicho ulichokalia kinaitwaje kwa jina lake kamili?"

"Mbuzi ya kukunia nazi."

"Kukunia tena! Je, hapo napo maana yake ni kukuna kwa ajili ya mbuzi?"

Alicheka mpaka nazi ikamwagika nje ya sahani. "Hapana, Shangazi. Ni kukuna kwa kutumia mbuzi."

Nilitaka afike hapo, na nanyi mnaosoma nataka tuanzie hapo.

Kiswahili kina desturi ya kumeza uhusiano. Kitenzi kinapotaka kutuambia kazi imefanywa kwa ajili ya nani, kwa chombo gani, kuelekea wapi au mahali gani, kinameza kisauti kimoja, "i" au "e", kikakaa nacho tumboni. Pika huwa pikia, soma huwa somea, leta huwa letea. Darasani mtaambiwa kuwa hiyo ni kauli ya kutendea. Mliijua kabla hamjashika penseli: mtoto wa miaka mitatu anayelia nje ya mlango akisema "nifungulieee" ameitumia kwa usahihi kamili, na hakuna aliyemfundisha kanuni.

Kiingereza hakimezi. Kitenzi chake kinabaki kilivyo, na uhusiano kinauvaa nje, kama pete kidoleni. Sisi tukitaka kuwasifu wapendanao wasioachana husema wako kama chanda na pete. Basi wekeni akilini kwamba "wait" ni chanda na pete yake ni "for"; "listen" ni chanda na pete yake ni "to". Mtoto wetu alipoandika "I waited my mother" alikuwa akiwaza "nilimngojea mama", na kwa Kiswahili hapo hapajapungua kitu, maana pete imo ndani ya kidole. Alipovuka kwenda upande wa Kiingereza alikwenda na chanda kitupu. Ndivyo ilivyokuwa kwa "I listened the radio" pia. Na "my mother explained me" ni "mama alinieleza": Kiingereza kinataka jambo lenyewe litajwe kwanza, kisha mtu aliyeelezwa aje nyuma ya "to". "My mother explained the price to me." Kitenzi "explain" ni kigumu kwa wengi, watu wazima pia, kwa sababu "tell" aliye jirani yake humpokea mtu moja kwa moja bila pete yoyote: "she told me". Maana zake zinakaribiana, tabia mbali mbali.

Mambo yangekuwa mepesi kama "i" yetu moja ingelingana na kijineno kimoja tu cha Kiingereza. Tungekariri siku moja tukamaliza. Lakini tazameni kitenzi cha kuandika. Tunasema kalamu ya kuandikia, na Kiingereza kinasema "a pen to write with". Tunasema karatasi ya kuandikia, nacho kinasema "paper to write on". Meza ya kuandikia ni "a table to write at". Na ukimwandikia bibi barua, ni "write to Grandmother". Sisi tumetumia kuandikia mara nne bila kubadili herufi, kwa kuwa tunajua wenyewe kwamba kalamu inashikwa, karatasi inatandazwa chini ya wino, mezani tunaketi, na bibi yuko kwake anaisubiri barua. Kiingereza kinadai tuseme waziwazi kila kitu kinahusikaje na kazi. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapotafuta kihusishi ni hili: hiki kitu kinafanya nini hapa? Ni chombo, ni mahali pa kuegemea, ni shabaha, au ni mpokeaji?

Kiambishi chetu cha mahali nacho kina ukarimu wa namna hiyo hiyo. Natoka sokoni. Niko sokoni. Nakwenda sokoni. Soko halikubadilika hata kidogo, kwani kitenzi ndicho kinachoijua njia. Kiingereza kinabadilisha kila mara: "from the market", "at the market", "to the market". Mtoto aliona kwamba kwenda na kufika vyote vinachukua "sokoni", akaona kama kuna "go to", basi bila shaka kuna "arrive to". Lakini anayefika safari yake imekwisha, na "to" ni neno la aliye njiani. Ndiyo maana "arrive" huvaa "at" mahali panapoonekana kama kituo kimoja, mfano soko, stendi au shule, na huvaa "in" mahali panapokuzunguka pande zote, mfano mji au nchi: "arrive at the station", lakini "arrive in Dodoma". Nyumbani hakuna pete kabisa, "arrive home". Na "reach", ambaye maana yake ni kufika vilevile, hataki pete popote anapokwenda.

Msidhani hivi visauti na vijineno ni mapambo. Familia ikihama Tanga, imeondoka Tanga. Ikihamia Tanga, inakuja. Kisauti kimoja kimegeuza lori zima lililopakia vitanda na makabati. Kiingereza kinafanya kazi hiyo hiyo kwa "move from" na "move to". Ukikosea pete, lori linakwenda siko.

Jambo hilo lilinipata mimi. Nilipokuwa kidato cha kwanza tuliambiwa tuandike kuhusu siku ya furaha. Nikaandika kuhusu kaka yangu, baba wa huyu mtoto, aliyekuwa akipanda mwembe wa bibi na kunirushia maembe niyadake kwa upande wa kanga. Sentensi yangu ilikuwa "My brother threw a mango at me." Mwalimu aliisoma insha, akaniita mbele, akaniuliza kwa upole kama niliumia. Nikamjibu kwamba sikuumia, nililila. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua chaki akachora ubaoni mtoto wa kike na mshale unaomwendea. Akasema: mshale huu ni "at". Anayerushiwa kitu kwa "at" ni shabaha, na aliyerusha alitaka kimpige. Halafu akachora mikono miwili iliyokingwa. Hii ni "to", akasema. Anayerushiwa kwa "to" anangojewa apokee. Kwa kijineno kimoja nilikuwa nimemgeuza kaka yangu mpenzi kuwa mchokozi, na siku ya furaha kuwa siku ya ugomvi.

"Kumbe baba alikuwa anakurushia maembe!" mtoto alisema, amesahau kukuna.

"Mabivu yote alinirushia mimi."

Tangu siku ile ule mshale haujanitoka. Nilipoanza kuutafuta niliuona kila mahali. "Look at": jicho linakwenda kama mshale, na nyanya za mtoto wetu zilihitaji "at" hiyo. "Point at": kidole. "Laugh at": kicheko kinachomlenga mtu, na anayechekwa hivyo anakisikia kikimfikia. "Shout at" ni kufokea. "Shout to" ni kumpazia sauti aliye ng'ambo ili asikie. Sisi tofauti hiyo tunaibeba kwa vitenzi viwili tofauti kabisa, wao kwa kitenzi kimoja chenye pete mbili.

"For" nayo ina ukoo wake, na kwangu huo ndio ukoo mzuri kuliko wote kwa sababu ni wa watu wenye matumaini. "Wait for", "look for", "ask for", "hope for", "search for", "apply for", "long for". Aliye katika vitenzi hivi hana kitu mkononi bado. Anakingojea, anakitafuta, anakiomba, anakitumainia, anakitamani. Mtoto kwenye stendi alikuwa hajamwona mama yake: "for". Ukijikuta katika sentensi ambayo kitu kinatakwa na hakijapatikana, ijaribu "for" kwanza kabla ya nyingine, na mara nyingi utakuwa umepatia. Hata hivyo "want" hana pete, wala "need" hana, ingawa navyo vinataka na havijapata. Ukoo unakusaidia kukumbuka, ila haukuondolei kazi ya kujifunza.

Halafu kuna "on", pete ya uzito. "Depend on", "rely on", "count on", "lean on". Kwa Kiswahili kuegemea na kutegemea ni majirani, na nadhani mtoto yeyote aliyewahi kumwona mama amejitwisha ndoo ataelewa: ndoo imekaa juu ya kata, na kata ikiteleza ndoo haina pa kukaa. Bei ya nyanya imekaa juu ya msimu. "It depends on the season." Sasa kwa nini wengi wetu, Kenya na Tanzania, husema "it depends with"? Kwa sababu tunasema "inategemeana na msimu", na sikio linapoisikia "na" linaitafsiri haraka kuwa "with". Kosa hili lina asili yake, wala si uzembe. Inafaa kujua pia kwamba neno "depend" lilitoka Kilatini, likiwa na picha ya kitu kinachoning'inia kutoka juu. Wafaransa na Wahispania, waliolipata neno hili kutoka Kilatini hicho hicho, hadi leo hulivalisha "de", ambayo ni "kutoka". Waingereza wakaishia kulitua juu ya kitu. Lugha mbili zinaweza kulitazama jambo moja, moja ikaliona linaning'inia na nyingine ikaliona limekalia, na zote zikasema kweli.

"Mbona 'about' imekatwa?" mtoto aliuliza, akichungulia daftari huku mkono unaendelea kukuna. "Tulijadili kuhusu bei. Kuhusu ni 'about'."

Swali zuri, na jibu lake limo katika Kiswahili chenyewe. Nilimuuliza: "Tunasema kumheshimu mzee, au kuheshimu kwa mzee?"

"Kumheshimu mzee."

"Na ukigeuza kitenzi kikawa jina?"

"Heshima... kwa mzee."

Kitenzi kina mikono, kinamshika mtu moja kwa moja. Jina halina mikono. Likitaka kufika kwa mzee linahitaji daraja, na "kwa" ndiyo daraja. Kiingereza hapo kinafanana nasi mno. "Discuss" ni kitenzi chenye mikono: "we discussed the price". "Discussion" ni jina, linahitaji daraja: "a discussion about the price". Vivyo hivyo "request" ikiwa kitenzi inashika yenyewe, "we requested water", na ikiwa jina inataka "for", "a request for water". "Emphasise" haina pete, "emphasis" huvaa "on". "Enter the room", lakini "entry into the room". "Answer the question", lakini "an answer to the question". Watu huitoa pete kwenye jina wakaivisha kitenzi kilichoshiba. Mtayasikia haya mikutanoni na redioni, kutoka kwa watu wenye elimu kubwa: "let us discuss about", "I want to emphasise on", "we are requesting for". Sasa mnajua yanatoka wapi, na mkiyasikia tena mtatambua ni jina gani lililoporwa pete.

Ndoa ina kisa chake. Kwetu fulani ameolewa na fulani, na hiyo "na" hutuvuta kwenye "with". Kiingereza kinasema "she married a teacher" bila pete yoyote, au "she is married to a teacher". "With" huja watoto wakitajwa: "married with two children" ni mtu mwenye ndoa na watoto wawili. Ukisema "she is married with a teacher", msikilizaji atakuelewa, lakini ataona pete imeenda kidole cha mwingine.

Mtoto aliweka kifuu chini. "Kwa nini Waingereza hawakuweka ndani kama sisi?"

Zamani, kwa namna yao, waliweka. Miaka elfu moja iliyopita Kiingereza kilikuwa na mikia mwishoni mwa majina. Jiwe liliitwa "stan". Ukitaka kusema "la jiwe" unasema "stanes". Mawe yakihusishwa na kitendo fulani, kwa mfano kutumiwa au kupokea, yanakuwa "stanum". Mkia ulieleza sehemu kubwa ya uhusiano, na kitenzi kilikuwa na mazoea yake ya kudai mkia huu au ule. Kisha watu wakachanganyikana. Wahamiaji kutoka Skandinavia walikuwa wamekaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza, na mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakaiteka nchi. Katika karne hizo mikia ilisagika kama maandishi ya sarafu iliyopita mikono mingi. Vijineno vidogo, ambavyo vilikuwepo tangu zamani vikisaidia hapa na pale, vikabebeshwa mzigo mkubwa. Mkia mmoja bado upo na mnauandika kila siku: ile "s" yenye alama ya juu katika "my mother's bag" ni mjukuu wa "stanes".

Mnapopata shida na vihusishi vyao, kumbukeni kwamba nao walipata shida na tumbo la vitenzi vyetu. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na ndani yake ilimbidi awaeleze wenzake kwamba panapotakiwa kihusishi cha Kiingereza, Mswahili hubadilisha kitenzi. Ni somo letu hili hili la jikoni, likisomwa kutoka ng'ambo ya pili.

Waingereza wenyewe wamelijua tatizo letu kwa muda mrefu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vijineno huwapa wageni taabu kubwa. Lakini aliyefanya kazi ya kutupunguzia taabu hiyo ni mwalimu, A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza. Kamusi nyingi za wakati ule zilimwambia msomaji maana ya kitenzi, zikamwacha hapo. Hornby na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, walitunga kamusi ya kumwonyesha mgeni kila kitenzi kinafuatana na nini. Vita Kuu ya Pili ilimkuta huko. Alizuiliwa, kisha akarudishwa kwao. Kamusi ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 vita vikiendelea, na mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya kwa dunia nzima. Kamusi za wanafunzi mnazoziona leo ni kizazi chake. Mkifungua "wait" mtakuta "wait for sb/sth". Hizo herufi "sb" ni ufupisho wa "somebody", yaani mtu fulani, na "sth" wa "something", yaani kitu fulani. Wengi huruka hapo wakakimbilia maana. Naomba msiruke. Hapo ndipo pete ilipowekwa, na watu walitumia miaka kuiweka.

Tena hata Waingereza na Wamarekani hawavai pete zile zile kila mara. Mmarekani atasema "write me", Mwingereza "write to me". Mwingereza anapumzika "at the weekend", Mmarekani "on the weekend". Mkikuta tofauti kama hizo vitabuni, msihangaike kutafuta nani amekosea.

Kuna mahali ambapo kukosea kunatisha kweli, napo ni kwenye "look". Sisi tuna vitenzi vinne: kutazama, kutafuta, kutunza, kuchunguza. Wao wana kimoja tu, na pete ndiyo inayobeba maana yote: "look at", "look for", "look after", "look into". Dada akikaa na mdogo wake barazani akimnawisha uso, "she is looking after her brother". Ukisema "she is looking for her brother", mtoto amepotea, na majirani wema watatoka na tochi. Katika vitenzi vya namna hii, kukariri "look ni tazama" kunawadhuru. Andikeni kwenye daftari zenu "look after", mkono usinyanyuke katikati, kana kwamba ni neno moja. Mimi hulifunika neno la pili kwa kitambaa ninapofundisha watoto, nikiwauliza pete gani iliyofichwa, na wanaozizoea kwa pamoja hujibu kabla sijamaliza kuuliza.

Mwisho nilimpa mtego mmoja. "Unangojea nini, kwa Kiingereza?"

"What are you waiting?"

"Pete iko wapi?"

Akauma mdomo. "What are you waiting... for?"

"Kwa nini umeisahau?"

"Kwa sababu baada yake hakuna kitu."

Ndivyo wengi hukosea. Katika swali, kile kinachongojewa kimekimbilia mbele ya sentensi, na kijineno kimebaki mkiani peke yake, kinaonekana kama hakina kazi. Lakini chanda hakivui pete kwa kuwa mgeni ametoka nje. "Who are you talking to?" "What are you laughing at?" "The chair I sat on." Sisi hatuhangaiki na hili, kwa sababu pete yetu imo tumboni na inasafiri popote kitenzi kinapokwenda: unangojea nini, kiti nilichokalia, kalamu aliyoandikia. Kwao ni lazima uikumbuke ukiwa umefika mwisho wa pumzi.

Nazi ilikuwa imekwisha kukunwa. Aliinuka, akaniletea sahani, kisha akalirudia daftari lake na kuandika upya ile mistari saba huku akiisoma kwa sauti: "I waited for my mother", "we arrived at the market", "I looked at the tomatoes", "my mother explained the price to me", "we discussed the price", "it depends on the season", "I listened to the radio". Nilidhani amemaliza. Akafungua ukurasa mpya, akaanza kuzungusha macho jikoni. Kisu cha kukatia: "a knife to cut with". Sufuria ya kupikia: "a pot to cook in". Kigoda cha kukalia: "a stool to sit on". Alipofika kwenye mbuzi alisita, penseli hewani.

"Shangazi, mbuzi ni 'on' au ni 'with'? Maana nilikuwa nimeikalia."

"Na ulikuwa unakuna kwa nini?"

Aliitazama mbuzi, akatazama nazi nyeupe kwenye sahani, akaandika polepole: "a thing to sit on and grate with."